Idi Mbili, Mke Mmoja

Mlioniacha wiki iliyopita na halua kwenye ndevu, karibuni tena. Bado sijafa. Mlionipigia simu kunipa pole nawashukuru, na mlionipigia kunicheka pia nawashukuru, maana angalau mlipiga.

Kwa mgeni aliyelinunua gazeti hili kwa kufungia samaki, nampa kwa ufupi. Jina langu Hisham, kazi yangu wakili, na kesi zangu ni za katiba na dini. Binti yako akivuliwa mtandio skuli, unakuja kwangu. Msikiti wako ukipokonywa kipaza sauti, unakuja kwangu. Kanisa likinyimwa kibali cha kuezeka, na wao wanakuja kwangu, ila kwa mlango wa nyuma. Mawakili wenzangu wanajenga maghorofa kwa kesi za viwanja na hoteli. Mie nnajenga maadui.

Mke wangu ni Rasha. Nshamwacha mara mbili na mara mbili tumerejeana. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya kiyoyozi, ya pili kwa ajili ya mama yangu. Ilibaki talaka moja, ile ya tatu isiyo na marejeo, na mtu mwenye akili zake angeitia kabatini akafunga na ufunguo akautupa baharini. Mie nikaitumia kwa WhatsApp.

Ilikuwa Ramadhani hii iliyopita, tuko kwenye futari. Muhogo ulizidi chumvi. Mwanamme mwengine angekunywa maji akanyamaza. Mie nikaanza kumhoji mke wangu kama shahidi wa upande wa pili.

"Ulionja au hukuonja?"

"Hisham, nilikuwa nimefunga. Nitaonjaje?"

"Sikuuliza ulifunga. Nimeuliza ulionja. Jibu ndiyo au siyo."

Akajibu kwa kuvaa buibui lake na kwenda kwao Mtoni.

Mwezi ulipokaribia kumalizika bado yuko kwao, na mie hasira zikanipanda. Nikashika simu nikamtumia sauti: "Rasha, nisikilize vizuri. Ikiingia Idi hujakanyaga nyumbani kwangu, basi umeachika." Nikaiweka simu mezani, nikajiona dume.

Sasa, kwa watu wengine duniani Idi ni sikukuu. Kwetu sisi Idi ni kesi.

Jumatatu ile jioni mwezi haukuonekana, redio ikatangaza tukamilishe thalathini, Idi Jumatano. Lakini Mzee Ubwa wa Ng'ambo, muuza vipuri vya baiskeli, na wenzake wa msikiti wao mdogo, wao hufuata mwezi ukionekana popote duniani, na ulikuwa umeonekana nchi nyengine. Wakasali Idi Jumanne, wakakaa kiwanjani kunywa chai na mikate ya kumimina. Askari wakawakuta na vikombe mkononi. Kosa lao, kula hadharani mchana wa Ramadhani.

Nikaitwa mie. Nikawatoa kwa dhamana, na nje ya kituo nikakuta kamera za televisheni, nanyi mnanijua mbele ya kamera. Nikasema kila mtu ana haki ya kuabudu kwa imani yake. Nikaona haijatosha. Mke wa Mzee Ubwa alikuwa amewaletea wafungwa wake sahani ya halua. Nikachukua pande zima, nikalinyanyua juu, nikasema, "Na mie leo ni Idi yangu!" Nikalitia mdomoni.

Alasiri ya Jumanne hiyo hiyo, mlango ukafunguliwa, Rasha akarudi nyumbani. Hapo ndipo tulipoishia.

* * *

Nyumba yetu iko Mkunazini, sisi tunakaa juu. Chini anakaa Bi Nadra, mjane aliyejipa kazi ya kunihurumia. Ufunguo wetu wa akiba anao yeye, na kila Rasha akinuna akaenda kwao, Bi Nadra huniletea chakula akakiacha mezani.

Rasha aliingia na sufuria mbili, moja juu ya moja. Hakunisalimu. Akanitazama ndevu.

"Hiyo halua?"

"Ya kazi," nikamwambia.

"Nshaiona. Mtoni nzima ishaiona. Baba kaiona, karudia kuiona, kisha kaomba maji ya kutawadha."

"Ni mkakati wa kisheria, Rasha. Wewe huwezi kufahamu."

Sufuria zingali mkononi, akaniuliza taratibu, "Jana ulikula nini?"

Hapa lazima niwaeleze ya jana yake. Jumatatu nilikuwa Forodhani kwenye kipindi cha televisheni, kile cha kufuturu pamoja na watazamaji, kinarushwa moja kwa moja. Mada ilikuwa heshima ya mke katika Uislamu. Nilizungumza vizuri sana, hata mwendesha kipindi akafuta machozi. Nilirudi nyumbani baada ya isha nikakuta bakuli la tambi limefunikwa kawa, nikazila zote.

Basi nikaona hapa ndipo pa kumtia wivu kidogo, ajue bila yeye mtu anaishi.

"Nilikula tambi za Bi Nadra," nikasema. "Usikasirike, Rasha, lakini wallahi yule mama ana mkono. Wewe mkono wako haujafika pale. Asubuhi nimemrudishia bakuli lake, nikamwambia, Bi Nadra, nyumba hii inasimama kwa ajili yako."

Rasha akazitua sufuria. Akaingia chumba cha ndani akafunga mlango. Nikafurahi, nikadhani nimeshinda hoja.

Asubuhi ya Idi, hii ya serikali, akavaa nguo mpya akaenda kumpa baba yake mkono. Hakurudi. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haujafika kati, karani wa Mahakama ya Kadhi akaniletea samansi. Rasha anamwomba Kadhi amwambie kitu kimoja tu. Yeye ni mke wa mtu, au si mke wa mtu?

Hebu nitazameni nilivyojipalia makaa. Idi ikiwa Jumanne, basi iliingia Jumatatu magharibi, Rasha hajarudi, na talaka imeanguka, ya tatu hiyo. Simpati tena mpaka aolewe na mwengine, na mwengine huyo amwache, na mie nikae barazani nimwombee dua amwache haraka. Idi ikiwa Jumatano, Rasha amewahi, ni mke wangu halali.

Na wakati huo huo Mahakama Kuu nina ombi la kikatiba la Mzee Ubwa na wenzake, msingi wake ni kuwa Idi ya Jumanne ni Idi halali kwa kila anayeiamini. Na mtu wa kwanza kuiamini mbele ya taifa zima, mashavu yamejaa halua, ni wakili wao.

* * *

Nikaenda Mtoni kwa mkwe wangu.

Sheikh Muhannad ni mjumbe wa kamati ya mwezi. Anaupenda mwezi kuliko anavyonipenda mie, na ana haki, maana mwezi haujapata kumwachia binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti pale. Pale mbali."

Nikaketi mbali. Akashika fimbo yake.

"Hisham, mie nakuchukia. Unalijua hilo?"

"Naam, baba."

"Siku ulipokuja kuposa nilimwambia marehemu mama yake Rasha, huyu kijana anaongea sana, atatuaibisha. Nimekaa nangoja Mungu aniondolee balaa hili. Sasa balaa limesimama mlangoni, viatu lishavaa, linataka kwenda zake." Akaipiga fimbo chini. "Na mie ndo ninayelazimika kulizuia."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu mwanangu akiachika, Idi ilikuwa Jumanne! Na Idi haikuwa Jumanne! Nilisimama darini na darubini mpaka shingo ikakakamaa. Mwezi haukuwepo, Hisham! Haukuwepo!"

"Kwa hiyo utanitolea ushahidi."

"Nitautolea mwezi ushahidi. Wewe utapita humo humo, kama panya anavyopita na gunia la mchele."

Nikamshukuru. Akaniambia nisimshukuru, atatapika.

"Rasha yupo?" nikauliza.

"Yupo ndani. Hataki kukuona."

"Hata salamu hakuniachia?"

"Kasema ukija nikuulize, kuna kitu umekikumbuka?"

"Kitu gani?"

"Mie ntajuaje? Nimetumwa kuuliza, nimeuliza."

Nikafikiri. Siku ya kuzaliwa kwake? Bado. Siku ya ndoa? Imepita. Nikajibu kiwakili.

"Mwambie nakumbuka kila kitu."

Sheikh Muhannad akaingia ndani, akarudi baada ya muda mfupi na uso ule ule.

"Kasema, haya."

Nilitoka pale moyo unaniuma. Nitasema hapa hapa gazetini, na wanaotaka kucheka wacheke. Nampenda Rasha. Nyumba ile bila yeye ni ukuta na mbu. Nimezungumza mbele ya majaji wakali mpaka wakanipa haki nisiyostahili, lakini nikifika kwa mwanamke huyu kila ninalosema linatoka limevaa joho la uwakili.

* * *

Kesho yake Mzee Ubwa alinijia ofisini. Alivua kofia, akaishika mapajani.

"Wakili, tumesikia maneno. Tumesikia kwa Kadhi umepeleka majibu, unasema Idi ilikuwa Jumatano."

"Mzee wangu, hiyo ni mahakama nyengine. Kule ni mambo ya ndoa. Mahakama Kuu msimamo wangu ni Jumanne, na hauyumbi."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mie ni wakili."

"Hilo nalijua, nimekiona kibao mlangoni. Nauliza wewe."

Nikamweleza kwamba sheria inatofautisha baina ya haki ya kuamini na ukweli wa kinachoaminiwa, na kwamba Mahakama Kuu haiulizwi mwezi uliandama lini. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana Mzee Ubwa ana adabu.

"Watoto wetu skuli wanaitwa 'wala Ramadhani'," akasema. "Mjukuu wangu wa kike kagoma kwenda. Wateja wananipita, wanatengeneza baiskeli kwa watu wengine. Siku ile ulipokula halua yetu mbele za watu, wallahi nililia, wakili. Nikawaambia wenzangu, sasa na sie tuna mtu."

Akavaa kofia yake akaondoka. Nilibaki nimekaa na hotuba nzuri mdomoni na hakuna wa kumpa.

* * *

Siku ya shauri ikafika. Kadhi ni Sheikh Mabrouk, mzee mfupi, sauti ndogo, husikii anachosema mpaka anapokuuliza wewe, na hapo unasikia vizuri sana.

Nilijitetea mwenyewe. Wakili anayejitetea mwenyewe hana gharama, na siku ile nilionyesha kwa nini.

Upande wa kulia alikaa Rasha, buibui jeusi, mkoba mapajani, macho chini. Nyuma yake Bi Nadra na kikapu chake cha sokoni, nikadhani amekuja kunihurumia kama kawaida. Mzee Ubwa alikaa benchi la nyuma. Na kando yake, kalamu mkononi, suti imepigwa pasi mpaka inakata, alikaa Amour.

Amour ni Wakili wa Serikali, ndiye anayepambana nami kwenye ombi la Mzee Ubwa. Hana shughuli yoyote kwa Kadhi.

"Msomi mwenzangu," nikamnong'oneza, "umepotea njia?"

"Hapana, msomi," akanijibu kwa upole. "Nimekuja kujifunza."

Mkwe wangu akatangulia kutoa ushahidi. Aliutetea mwezi kwa machozi. Alieleza mawingu, upeo, darubini, shingo yake. Akasema Idi ilikuwa Jumatano bila shaka yoyote, na kwa hiyo, akavuta pumzi, kwa hiyo huyu Hisham bado ni mume wa mwanawe. Alilisema hilo kwa uso wa mtu anayenyweshwa mafuta ya mbarika.

"Nimekusikia, Sheikh," akasema Kadhi. "Mwezi wako umeuhifadhi, Mungu akulipe. Lakini talaka ni ya aliyeitamka. Hisham!"

"Naam, mheshimiwa Kadhi."

"Ulisema ikiingia Idi. Idi ipi? Ya kamati, au yako wewe?"

Kabla sijajibu akampa ishara karani. Karani akatoa simu, akaibonyeza, na mahakama nzima ikasikia sauti yangu mwenyewe, nene, imejaa utamu: "Na mie leo ni Idi yangu!"

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni.

"Hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi," akasema Kadhi. "Sasa nijibu. Ulipoyasema haya, uliyaamini? Ikiwa uliyaamini, Idi yako ilikuwa Jumanne, na mke huna. Ikiwa hukuyaamini, basi umekula mchana wa Ramadhani, kwa kusudi, na taifa linakutazama. Chagua mwenyewe."

Nyuma yangu nikasikia kalamu ya Amour inafunguliwa. Sikugeuka, lakini nilijua na Mzee Ubwa amekaa sawa.

Nikakohoa, nikavuta koti.

"Mheshimiwa Kadhi, suala hili lina sura nyingi. Sura ya kwanza, tukizingatia kwamba imani ni jambo la ndani ya mtu..."

"Ndiyo au siyo?"

"Mheshimiwa, ukiniruhusu nifafanue..."

"Hisham. Ndiyo au siyo?"

Nikamtazama Rasha. Alikuwa ameinua macho, ananitazama mie, na machoni mwake hamna hasira, kuna hamu ya kunisikia. Sikumbuki mara ya mwisho mwanamke huyu alitaka kunisikia.

"Siyo," nikasema.

"Sema usikike."

"Sikuyaamini! Nilikuwa nimefunga, mheshimiwa, mpaka kamera ilipowashwa. Nilikula ili nionekane. Nilikula makusudi, najua ni Ramadhani. Idi yangu ilikuwa Jumatano kama ya watu wote, mke wangu alirudi Jumanne, na mke wangu ni mke wangu!"

Kalamu ya Amour ikaanza kukimbia. Sheikh Muhannad akainua mikono akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwezi. Na Mzee Ubwa akasimama, akavaa kofia, akatoka nje bila kunitazama.

Iliniuma. Lakini nilijiambia, Hisham, umepoteza kesi, umepoteza jina, pengine na leseni ya uwakili inafuata, ila mke umempata. Siku hiyo nilijiona muungwana, jambo lisilonitokea mara nyingi.

Kadhi akachukua kalamu. "Basi ndoa ya..."

"Mheshimiwa Kadhi." Alikuwa Rasha, kashasimama. "Naomba na mie niulizwe."

"Uulizwe nini, binti yangu?"

"Nilirudi lini."

Kadhi akatazama faili. "Mumeo ameapa kuwa ulirudi Jumanne alasiri."

"Mume wangu hakuwepo niliporudi. Tangu nimefungua shauri hili, mheshimiwa, baba kazungumza mwezi, mume wangu kazungumza Katiba, mtaa mzima umezungumza halua. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mie, Rasha, ulikanyaga nyumbani kwako lini."

"Mie nakuuliza."

"Jumatatu. Baada ya sala ya adhuhuri, nimefunga. Ile sauti aliyonitumia niliisikiliza nikalia, kisha nikasema, huyu ni mume wangu, ana ulimi lakini hana ubaya, nitarudi mie. Nikaenda, nikapika tambi, nikazifunika kawa. Nikamngoja. Ikaadhini magharibi, hajatokea. Ikaadhini isha, hajatokea. Nikawasha televisheni, nikamwona yuko Forodhani anawafundisha watu heshima ya mke."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nikazima. Nikarudi kwa baba."

Bi Nadra akasimama bila kuitwa. Akatia mkono kwenye kikapu akatoa bakuli la udongo lenye ukingo wa buluu. Ndilo nililomrudishia mwenyewe ile Jumanne, kwa mikono yangu miwili na hotuba fupi.

"Mheshimiwa, bakuli hili si langu," akasema. "Ni la mtoto huyu, la marehemu mama yake. Jumatatu alipokuwa anaondoka nilimwona ngazini, kaniomba nisiseme, kasema anataka mumewe ajue mwenyewe. Kesho yake mume kaniletea mie asante. Nimekaa na asante isiyo yangu mpaka imenipanda presha."

Kadhi akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ulikanyaga nyumba kabla ya Idi zote mbili."

"Zote mbili, mheshimiwa."

"Basi talaka haikuanguka, iwe Jumanne, iwe Jumatano, iwe Idi ya mwakani. Kumbe haya yote hayakuwa na haja."

Yaani ningenyamaza tu. Mzee Ubwa angekuwa bado kakaa kwenye benchi lake, kesi yake iko hai, wajukuu wake wana wakili. Nimemuuza yule mzee kununua kitu ambacho tayari kilikuwa changu. Amour alinyanyuka, akaniinamia kwa heshima, akaenda mlangoni kuzungumza na askari pole pole. Wote wawili wakanitazama, mie niliyekiri kosa lile lile la wateja wangu, wakabaki pale pale mlangoni.

"Sasa binti yangu," akasema Kadhi, "ulijua wewe ni mke wa mtu. Shauri umelifungua la nini?"

"Nilitaka nimsikie mara moja tu akijibu ndiyo au siyo."

"Umemsikia."

"Nimemsikia. Na leo kasema kweli, na kasema kwa ajili yangu. Sitamnyima hilo."

"Basi mchukuane mwende nyumbani."

"Bado, mheshimiwa." Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya meza. Bangili za mahari, zile nilizomvisha mwenyewe. "Mahari yake hii. Naomba khului. Nataka kujivua mwenyewe, kwa mdomo wangu, siyo kwa simu ya mtu wala kwa mwezi."

Hata mkwe wangu, aliyeingoja siku hii tangu harusi, akasema, "La, Rasha, ngoja kwanza."

"Sababu?" akauliza Kadhi.

"Miaka yote hii anakula kwangu. Kala tambi zangu, kaniambia usoni mkono wangu haujafika mkono wa jirani."

Kadhi akanigeukia. "Hisham, una la kusema?"

"Nampenda, mheshimiwa. Nampenda, wallahi."

"Hiyo si hoja," akasema Kadhi, "lakini nimeiandika."

Rasha akazisogeza bangili mbele ya Kadhi.

"Mheshimiwa Kadhi, aulizwe swali moja, la mwisho. Zile tambi nilitia kitu. Nilikitia mara moja tu kabla ya hapo, siku ya kwanza niliyompikia, tulipooana, akanishika mkono akasema hatokisahau mpaka kufa. Nimemtuma na baba amuulize kama amekikumbuka. Akanijibu anakumbuka kila kitu." Akapitisha kiganja shavuni. "Akitaje. Akikitaja, navaa bangili zangu tunakwenda nyumbani. Asipokitaja, andika."

Kadhi akachukua kalamu.

Jamani. Mie ninayeijua Katiba kwa moyo, vifungu na vijifungu. Iliki? Iliki kila mtu hutia. Zabibu? Lozi? Mkwe wangu, yule yule anayenichukia, kumbe keshaambiwa na binti yake, alikuwa ananichezeshea midomo kunionyesha herufi.

"Sheikh Muhannad, mdomo!" akasema Kadhi.

Nikamwona Rasha anasubiri, na Amour anasubiri mlangoni na askari wake, na bakuli lile tupu juu ya meza. Nikalikumbuka bakuli. Nikaikumbuka kawa, rangi yake. Nikakumbuka pia kwamba usiku ule nilikula kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulishika simu, nasoma watu wanavyonisifu kwa nilivyozungumza vizuri juu ya heshima ya mke.

"Hisham," akasema Rasha. "Taja."

Nikafumba macho, nikaanza kuzitafuna upya zile tambi.